Timu inasuasua, nafasi imebaki moja: mkongwe huru, mkongwe wa kubadilishana, au kinda?

Ikifika Januari, timu inayoboronga NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, haihitaji kutafutwa. Imeshacheza karibu nusu ya mechi zake 82, kocha anabadili kikosi cha kwanza kila wiki, na mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaotaka asajiliwe mkongwe anayeijua kazi yake, hata akiwa wa kutokea benchi. Wapo wanaotaka uongozi utoe kinda mmoja na haki ya drafti (zamu ya kuchagua kijana mpya timu zinapogawana vipaji kila mwaka) ili apatikane mkongwe mzito zaidi kutoka timu nyingine. Wengine wanasema msimu umeshaharibika, wapeni vijana dakika.

Kila kundi lina hoja na lina mfano wa kujivunia. Hapa ninaziweka njia hizo tatu kwenye mizani moja, na mara nyingi nitarudi kwa Memphis Grizzlies ya 2009 hadi 2011. Timu ile ilizijaribu zote tatu ndani ya muda usiofika miaka miwili, tena Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alikuwa katikati ya kisa chenyewe.

Vigezo kwanza

Ninapima kwa maswali manne, yaleyale kwa kila njia. Anaziba pengo gani? Anagharimu nini, kwa fedha na kwa mali nyingine za timu? Dakika zake zinatoka kwa nani? Na mkiachana, inakuwaje?

Umri sikuuweka kama kigezo cha peke yake. Kinachopimwa ni miguu na utayari wa kukubali kazi ndogo, na hivyo viwili haviendi na tarehe ya kuzaliwa. Carmelo Anthony alikuwa na miaka 35 alipowafaa Portland. Jason Kidd alisaidia New York Knicks kushinda mechi 54 msimu wa 2012–13 akikaribia kutimiza miaka 40, lakini katika mechi zake 10 za mwisho za mchujo, yaani za mtoano wa kusaka ubingwa, hakufunga hata pointi moja, na msimu ulipoisha akastaafu. Anayemsajili mkongwe aangalie anavyocheza Machi na Aprili, maana Novemba kila mtu ana pumzi.

Jambo jingine la kuelewana: ninaposema mkongwe hapa, sizungumzii nyota. Ninamzungumzia mchezaji wa kazi maalumu, yule anayeingia kumkaba mfungaji hatari wa wapinzani, kutupa pointi tatu kutoka kona, au kusukumana chini ya kikapu kutafuta ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu. Akifunga pointi 8 na timu ikashinda, kazi yake imekwisha.

Njia ya kwanza: kumsajili mkongwe aliye huru

*Pengo analoziba.* Njia hii hufanya kazi pale tatizo linapotajika kwa sentensi moja. Julai 2010 Memphis walimsajili Tony Allen kutoka Boston, alikotwaa ubingwa wa 2008. Memphis walikuwa na wafungaji: Zach Randolph, Rudy Gay, Marc Gasol. Walichokosa ni mtu wa kumnyima usingizi mfungaji wa timu pinzani. Allen hakuanza vikosi vyote tangu siku ya kwanza, lakini msimu ulivyosonga akawa ndiye anayeipa timu tabia yake, na mwisho wa msimu akachaguliwa kwenye kikosi cha pili cha walinzi bora wa ligi. Timu iliyoshinda mechi 24 tu msimu wa 2008–09 ikashinda 46 msimu wa 2010–11. Si yeye peke yake aliyeyaleta hayo, na kusema hivyo ni kuwadhulumu Randolph na Gasol. Lakini pengo alilopewa alilijaza.

Mfano wa karibuni ni Detroit Pistons. Msimu wa 2023–24 walishinda mechi 14 na kupoteza 68, wakapokea vipigo 28 mfululizo. Kiangazi kilichofuata uongozi mpya ulimleta kocha J.B. Bickerstaff, ukamsajili Tobias Harris kwa dola milioni 52 za miaka 2 na Malik Beasley kwa dola milioni 6 za mwaka 1. Cade Cunningham, kijana wao tegemeo, alikuwa akibanwa na walinzi wawili watatu kwa sababu hakuna aliyewaogopa wenzake. Beasley akatupia pointi tatu 319 msimu ule, na njia ya Cade kuelekea kikapuni ikafunguka. Detroit walimaliza na ushindi 44, zaidi ya mara tatu ya msimu uliotangulia.

*Gharama.* Hapa ndipo njia hii inapovutia zaidi. Ligi ina mkataba wa kima cha chini unaopanda kadiri mchezaji anavyokuwa na miaka mingi kazini. Ili timu zisiwakwepe wakongwe kwa sababu ya bei, mkongwe akisaini kima hicho kwa mwaka mmoja, timu hubeba kiasi cha mchezaji mwenye miaka 2 tu ya uzoefu, na ligi hufidia kinachobaki. Hutoi mchezaji wala haki ya drafti.

Gharama isiyoandikwa kwenye karatasi ni kwamba mkongwe mzuri anachagua. Mwenye ofa mbili, moja ya bingwa mtarajiwa na nyingine ya timu ya mkiani, mara nyingi ataenda kutafuta pete ya ubingwa. Charlotte Bobcats waliachana na Boris Diaw Machi 2012, katika msimu waliomaliza na ushindi 7 na vipigo 59. Akaenda San Antonio, na mwaka 2014 akawa bingwa akiwa mmoja wa wachezaji muhimu wa fainali. Kwa hiyo timu inayosuasua isishangae ikiletewa majina ambayo wakubwa wameyapitia na kuyaacha. Iulize kwa nini waliyaacha.

*Dakika.* Hili ndilo linalovunja mikataba mingi ya aina hii. Septemba 2009, kabla hawajampata Tony Allen, Memphis walimsajili Allen Iverson. Jina kubwa, tiketi zikauzwa. Lakini nafasi zake zilikuwa mikononi mwa Mike Conley na O.J. Mayo, vijana ambao klabu ilikuwa inajenga juu yao, na kocha Lionel Hollins akamtokeza benchi. Iverson akalalamika hadharani baada ya mechi ya kwanza. Alicheza mechi 3 tu, na kabla Novemba haijaisha mkataba ulikuwa umevunjwa.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama hoja dhidi ya wakongwe. Mimi nakiona ni hoja dhidi ya kusajili bila kuelewana. Iverson hakuwa ameishiwa. Alikuwa amezoea kuongoza timu, akaletwa mahali palipomtaka asaidie. Swali la “utatokea benchi, dakika 15 hadi 20, unakubali?” linaulizwa kabla wino haujamwagika, na mchezaji mwenyewe ndiye ajibu, si wakala wake.

*Mkiachana.* Ni rahisi, hasa mkataba ukiwa wa mwaka mmoja au usio na dhamana. Portland walimchukua Carmelo Anthony Novemba 2019 kwa mkataba wa aina hiyo, majeruhi wakiwa wamewamaliza kwenye nafasi za mbele na timu ikipoteza zaidi ya inavyoshinda. Alikuwa amekaa nje karibu mwaka mzima tangu aachwe na Houston. Ndani ya wiki chache alikuwa mchezaji bora wa wiki wa Kanda ya Magharibi, na msimu ule Portland wakapenya kwenye mchujo. Kama ingeshindikana, wangeachana naye kwa hasara ndogo.

*Inamfaa nani.* Timu yenye kiini cha vijana wanaoeleweka na udhaifu mmoja au miwili inayotajika. Ila ijue mipaka ya anachonunua: mchezaji wa kazi maalumu akikutana na kocha mjanja, kazi yake hugeuzwa. Mwaka 2015 Golden State walimpangia sentre wao (mchezaji mrefu wa kati), Andrew Bogut, “amkabe” Tony Allen, maana yake wakamwacha atupe kwa mbali wao wakijazana ndani. Memphis walikuwa wakiongoza mfululizo ule wa mechi za mchujo 2–1. Wakatolewa 4–2.

Njia ya pili: kubadilishana ili kumpata mkongwe

*Pengo analoziba.* Ni lilelile, ila hapa hungoji aliyebaki sokoni. Unakwenda kumchukua unayemtaka. Februari 2011 Rudy Gay aliumia bega, na Memphis wakabaki bila mchezaji wa pembeni anayeweza kukaba na kutupa. Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji wakamchukua Shane Battier kutoka Houston. Battier hakuwa mgeni. Memphis ndio waliomchagua kwenye drafti ya 2001, na walimtoa mwaka 2006 katika biashara iliyomleta huyohuyo Rudy Gay.

Ukimtazama Battier akikaba, utaona hamrukii mtupaji ili azuie mpira. Anasogea, ananyoosha mkono na kuweka kiganja mbele ya macho ya mtupaji, halafu anabaki miguu yote chini, asipate faulo na asiachwe hewani akidanganywa. Kazi ya namna hiyo haionekani kwenye karatasi ya takwimu, lakini kocha anailipia.

Aprili mwaka ule Memphis waliingia mchujo wakiwa nafasi ya nane, mbele yao San Antonio waliokuwa vinara wa Magharibi kwa ushindi 61. Mechi ya kwanza, ugenini, zimebaki sekunde kama 24, Memphis wako nyuma kwa pointi mbili. Battier akatupa pointi tatu, ikaingia. Wakashinda 101–98, ushindi wao wa kwanza wa mchujo tangu klabu ianzishwe, na mfululizo ukaisha 4–2 kwao.

*Gharama.* Sasa angalia walichotoa. Katika mzigo uliokwenda Houston kulikuwa na haki ya drafti ya raundi ya kwanza, na kulikuwa na Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.20, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry, alitolewa kabla ya kumaliza msimu wake wa pili. Kwa sisi tuliokuwa tukikesha kuona kama ataingizwa hata robo ya mwisho, iliuma. Nikiyapima kwa haki, naona Memphis hawakukosea: nafasi ya sentre ilikuwa ya Gasol, na timu ilikuwa tayari kushindana. Lakini bei ilikuwa kubwa, na Battier mwenyewe mkataba wake ulikwisha msimu ule. Desemba 2011 akajiunga na Miami, akatwaa ubingwa wa 2012 na 2013 huko. Memphis walilipia miezi michache.

Kwa timu iliyoko mkiani kweli, bei hii inazidi kupanda. Haki ya drafti ya timu inayopoteza inaweza kuwa ya juu, hivyo unapotoa raundi ya kwanza hutoi karatasi, pengine unatoa mmoja wa vijana watano bora wa mwaka ujao.

*Dakika.* Hapa kuna unafuu wa aina yake: aliyekuwa akishika dakika hizo kwa kawaida ndiye uliyemtoa, au ameumia. Manung’uniko hupungua. Ila vijana wanaobaki wanausoma ujumbe, kwamba klabu inaweza kumtoa yeyote.

*Mkiachana.* Akiondoka mwisho wa msimu, hurudishiwi kitu. Hilo lijibiwe kabla: tunamtaka kwa miezi mitatu au miaka mitatu? Kama ni miaka mitatu, mazungumzo ya mkataba mpya yaanze mapema.

*Inamfaa nani.* Timu inayosuasua kwa bahati mbaya, si kwa ubovu. Majeruhi, ratiba ngumu, mechi nyingi zilizopotea kwa pointi mbili tatu. Timu ya namna hiyo ina jambo la kuokoa msimu huu huu.

Njia ya tatu: kumpa kinda nafasi

*Pengo analoziba.* Mara nyingi hujui mpaka umjaribu, na hapo ndipo uzuri na ubaya wake. Februari 2012 Knicks walikuwa na ushindi 8 na vipigo 15. Jeremy Lin, aliyesoma Harvard na hakuchaguliwa kwenye drafti, alikuwa ametemwa na Golden State na Houston mwezi Desemba, na mkataba wake New York ulikuwa ukingoni. Usiku wa kuamkia mechi na New Jersey Nets alilala kwenye kochi la mchezaji mwenzake, Landry Fields. Kocha Mike D’Antoni akamwingiza kwa kuwa wachezesha timu wake wengine walikuwa wameumia au wamekwama. Akafunga pointi 25 na kutoa asisti 7. Siku sita baadaye akawatupia Lakers pointi 38. Knicks wakashinda mechi 7 mfululizo.

Mfano huu ni wa kweli, na ni adimu. Kwa kila Lin wapo makumi waliopewa dakika zilezile wakarudi ligi ndogo. Anayeichagua njia hii aichague kwa sababu anataka kujua alicho nacho, asiichague akitarajia mwujiza.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote. Kuanzia Januari 5 timu zinaruhusiwa kusaini mikataba ya siku 10. Mchezaji mmoja anaweza kupewa miwili kwa msimu na timu moja, baada ya hapo asajiliwe mpaka mwisho wa msimu au aachwe. Ipo pia mikataba ya kwenda na kurudi kati ya timu kubwa na timu yake ya ligi ya maendeleo. Kila klabu ina nafasi 3 za aina hiyo nje ya wachezaji 15 wa kawaida, na mwenye mkataba huo hachezi mchujo mpaka abadilishiwe kuwa wa kawaida.

*Dakika.* Lazima zitoke mahali, na lazima ziwe za kweli. Dakika nne za mwisho mkiwa nyuma kwa pointi 25 hazimfundishi mtu. Thabeet mwenyewe ni somo. Februari ya msimu wake wa kwanza alipelekwa Dakota Wizards kwenye ligi ndogo, na mpaka wakati huo hakuwahi kutumwa huko aliyechaguliwa juu kama yeye. Kumpeleka halikuwa kosa, kule angalau alicheza. Tatizo ni kwamba alirudi kwenye timu ambayo haikuwa na dakika za kumpa.

Kuna hatari nyingine ambayo wapenzi wa vijana hawapendi kuisikia. Kikosi cha makinda watupu hakina wa kuwaonyesha namna ya kufanya kazi. Philadelphia 76ers msimu wa 2015–16 walipoteza mechi 30 kati ya 31 za mwanzo. Januari wakamsajili Elton Brand, miaka 36, akacheza mechi chache tu, kwa sababu kazi waliyomletea ilikuwa zaidi mazoezini na chumba cha kubadilishia nguo. Timu ilimaliza na ushindi 10, kwa hiyo kwenye msimamo wa ligi hakubadilisha mengi. Miaka miwili na kitu baadaye klabu ikamfanya meneja mkuu.

*Mkiachana.* Siku 10 zikiisha, mnapeana mkono. Hatari iko upande wa pili: kinda akiwaka, wengine wanamtaka. Kiangazi kilekile Houston wakampa Lin ofa ya takriban dola milioni 25 kwa miaka 3, New York wakakataa kuifikia.

*Inamfaa nani.* Timu ambayo msimu wake umekwisha kihesabu, yenye kocha mwenye ruhusa ya kupoteza na mashabiki walioambiwa ukweli.

Kwa hali yako

Kama timu yako iko mechi tatu nne nyuma ya nafasi ya mchujo, kikosi kizima na tatizo linajulikana kwa jina, anza na mkongwe huru. Mwambie kazi yake na dakika zake kabla hajasaini. Mkitofautiana hapo, mtafute mwingine.

Kama mlikuwa mnashinda mpaka nyota alipoumia, na anayefaa hayuko sokoni, kubadilishana kuna maana. Toeni kinda ambaye nafasi yake tayari ina mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa Thabeet na Gasol. Haki ya drafti ya raundi ya kwanza iwe ya mwisho kuguswa, na iwekewe ulinzi wa kutotoka ikiwa ya juu.

Kama mko mkiani na Februari imefika, tumieni mikataba ya siku 10 kwa uzito, wachezaji wawili watatu kwa zamu, kila mmoja apate dakika zisizopungua 15 kwa mechi. Ukiwa na nafasi ya ziada, weka na mkongwe mmoja wa aina ya Brand, mradi usimpime kwa pointi.

Kama timu ni ya vijana na inapoteza kwa sababu robo ya nne inawatoa pumzi na akili, hapo nasita kati ya ya kwanza na ya tatu. Ningeuliza kwanza kama kocha yuko tayari kumwachia mkongwe dakika tano za mwisho. Akiwa hayuko tayari, mkongwe huyo atakaa benchi akilipwa, na vijana wataendelea kupoteza kwa namna ileile.

Na kama unaongoza klabu ya ligi ya mkoa Dar, Nairobi au Bujumbura, ondoa suala la drafti, mengine yanabaki. Hapa mkongwe wa kweli mara nyingi ana ajira ya mchana na familia, kwa hiyo swali la kwanza ni kama atafika mazoezini saa 11 jioni mara tatu kwa wiki. Anayekuja siku ya mechi tu atakula dakika za vijana waliofanya mazoezi wiki nzima, na wao ndio watakaohama msimu ukiisha. Akikubali kufika, mpangie kijana mmoja wa nafasi yake wafanye mazoezi pamoja, na uandike kwenye makubaliano nani atabeba nauli yake.